Tope Jeusi Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi
Sijapata kumwambia mtu hili: chini ya kitanda changu nafuga tope. Limo kwenye chupa ya jamu, pamoja na misumari yenye kutu na kiini cha yai. Wiki ya tatu sasa. Leo limekuwa jeusi tititi! Yai limeoza likatoa salfa, salfa ikaonana na chuma, ikazaliwa salfaidi ya chuma, ndio huo weusi. Ijumaa mwalimu wa kemia anachagua mmoja wa kwenda mashindanoni, kwa kitu atakacholeta. Nitakuwa mimi. Mimi, ninayeitikia mahudhurio kwa kunong'ona! Spika, jirani yangu wa dawati, ana jiwe la dhahabu. Na mdomo anao.

Jumanne, 4 Machi
Bibi kanusa. Kasema kuna kitu kimekufa. Akamgeukia kaka: hizo soksi ni zake au za marehemu? Kaka kazifua mara tatu. Harufu ni ya tope langu. Sabuni nilimletea, lakini.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu! Nimelimimina tope kwenye bakuli la bati, nikaliacha dirishani lipungue harufu. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba. Limerudi kahawia! Hewa imeila salfaidi yangu, imeniachia kutu. Kwenye orodha ya mwalimu nimeandika "tope"; Spika kaniuliza kama kesho nitakuja na koleo la kulichotea. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, ili nisilie.

Ijumaa, 7 Machi
USHINDI! Mbele ya darasa bakuli liliniponyoka, likapinduka mezani. Juu kahawia, ndani jeusi kama masizi! Mwalimu akauliza kwa nini. Nikanong'ona. Hakusikia. Nikapiga kelele: "HEWA! Haijafika chini!" Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Kisha mwalimu akalisugua jiwe la Spika kwenye kigae. Likaacha mstari mweusi; dhahabu halisi huacha wa njano. Si dhahabu, binti yangu, akamwambia Spika. Ni chuma na salfa, ndugu wa tope la mwenzio. Nimechaguliwa!

Jumamosi, 8 Machi
Nimejifunza: yai moja halitoshi. Leo ndoo nzima, mayai sita, chini ya kitanda cha Bibi, ambako kuna joto zuri. Kaka, maskini, kanunua soksi mpya. Nitakiri siku nyingine.
Ndara koridoni. Ni Bibi. Anamwita kaka kwa jina lake kamili. Zimesimama mlangoni kwangu. Nalificha daftari chini ya godo