Dhahabu Mgongoni mwa Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi
Ugunduzi! Mjusi wangu, Mheshimiwa, ameota doa la manjano mgongoni, chini kidogo ya shingo. Nimelipima kwa rula: milimita nane. Si uchafu, nimesugua. Anageuka dhahabu. Jumamosi kuna maonyesho ya wanyama wa nyumbani kwenye ukumbi wa maktaba. Fundi Saa wa ghorofa ya chini, ambaye kobe wake ameshinda miaka miwili mfululizo, hajui kinachomjia.

Jumanne, 4 Machi
Madoa matatu! Nimempaka mafuta ya nywele na kumnyunyizia maji mara tano, dhahabu ikolee. Taa yake ya joto nimeizima, isije ikaipausha. Binti yangu amepiga simu kuuliza kama nakula. Nikamwambia tunakaribia kuwa watu maarufu. Akauliza tena kama nakula.

Alhamisi, 6 Machi
Mheshimiwa hali chakula. Panzi anamtembelea puani, yeye kimya. Uzito wa cheo, nikadhani. Nilipokutana na Fundi Saa kwenye ngazi nikafunua kidogo tu kitambaa cha sanduku la Mheshimiwa, aumie roho. Akavaa miwani yake ya kazi, akasema hiyo si dhahabu, mzee mwenzangu, huyo anaoza. Wivu mtupu! Ila ndiye aliyebeba sanduku hadi kwa daktari wa mifugo, mbio mbio, na goti lake bovu.

Daktari akakwangua gamba. Fangasi. Inakula ngozi, na ikizama ndani inaua. Akauliza ni nani aliyemweka mjusi kwenye unyevu na baridi. Nikasoma bango la chanjo za paka. Dawa ya kupaka, dawa ya kunywa, akae pakavu, taa iwake. Hakuahidi kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Sikwenda maonyesho. Fundi Saa naye hakwenda. Alikuja kurekebisha taa, akabaki. Mheshimiwa na mimi tulizaliwa penye jua, tukaletwa huku kwenye baridi na mambo ya watu wengine. Nimemwomba radhi kwa lugha ya mama yangu. Humu ndani sina mwingine wa kuizungumza naye.

Jumapili, 27 Aprili
Panzi wanne kwa mpigo! Amejivua ngozi, na chini yake ni safi kabisa. Daktari amesema amepona. Fundi Saa amekuja na kobe wake kutupongeza. Nikamwinua kobe, kwa adabu tu. Pembeni ya gamba, karibu na mkia, kuna doa jeupe linalong'aa. Fedha!

Fundi hajaliona. Mafuta ya nywele yamebaki nusu chupa.