Chambo Kilichonona Kuliko Samaki

Jumatatu, 4 Mei

Baba mkwe ametangaza vita! Kasema mezani, huku akichokonoa meno, kwamba mgongo umechoka na ule ufito wake wa kuvulia samaki aina ya trauti anataka kuurithisha. Atakayetoa trauti Jumamosi kwa chambo cha kuiga mdudu alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe, ufito ni wake. Mwanyumba, yaani mume wa shemeji yangu, akatabasamu. Jamaa huyo hutabasamu kama mtu aliyekwisha kupokea zawadi. Mimi tangu nioe nyumba hii nabeba mkoba na wavu tu. Kurusha mshipi sijawahi kuruhusiwa. Sasa basi! Mkoba ataubeba yeye.

Jumanne, 5 Mei

Leo baba mkwe katupa somo. Huu ni msimu wa wale wadudu wa manjano wanaoibuka mtoni, wakishapata mbawa hawamalizi hata siku mbili. Trauti huwapenda wakiwa bado ndani ya maji. Namna ya kuwaiga: ndoana ndogo, uzi wa hariri wa manjano mwilini, shingoni unyoya laini wa kuku jike, mizunguko miwili basi. Ulegee, upumue majini. Kidogo ndicho kizuri, akasisitiza, akinitazama mimi peke yangu. Nikaitikia, naam baba. Moyoni nikasema mzee anaficha siri. Nani aliyewahi kushiba kwa kidogo?

Mke wangu, ambaye tangu utotoni alimtazama baba yake akifanya kazi hii, kanishauri nimsikilize mzee. Nikamwambia haya ni mambo ya wanaume. Akaingia jikoni akiguna. Mguno huo siupendi.

Alhamisi, 7 Mei

Kuku jike? Thubutu! Jogoo wa jirani ana shingo inayong'aa, na jogoo ana heshima zake. Nimeruka ukuta. Manyoya nimepata. Pua nayo imepata yake. Nimemwambia mke wangu nimejigonga mlangoni. Akauliza mlango umeota kucha tangu lini.

Nimefunga mpaka vidole vikafa ganzi. Uzi tabaka juu ya tabaka, manyoya nikazungusha hadi yakaisha. Kisha rangi ya kucha ya mke wangu, ile isiyo na rangi, kisije kikafumuka. Lo, kitu chenyewe! Kimenona, kinameremeta, kimesimama wima. Mke wangu kaomba uzi uliobaki. Nimempa, mimi si mchoyo.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepita kwa mwanyumba kwa kisingizio cha kuazima nyundo. Chambo chake kilikuwa bado kimebanwa kwenye jiriwa. Masikini! Kimekondeana, unyoya umelala kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Nikakisifu sana ili asibadilishe kitu. Akaniuliza changu kikoje. Nikasema cha kawaida tu. Akanionya nisizidishe manyoya. Wivu huo! Nimerudi bila nyundo.

Jumamosi, 9 Mei

Aibu. Aibu tupu!

Kabla ya kwenda mtoni baba mkwe akaweka glasi ya maji mezani, mbele ya familia nzima. Ndio utaratibu wake: chambo kisichopumua glasini hakiendi mtoni. Cha mwanyumba kikazama polepole, unyoya ukafunguka, ukajifunga, ungedhani kina roho. Changu kikaelea. Baba mkwe akakizamisha kwa kijiko. Kikaibuka. Akakizamisha tena. Kikaibuka tena! Mama mkwe akauliza kama ni kifaranga. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Na mimi nimesimama pale, mtu mzima na plasta puani, natamani ardhi ipasuke inimeze. Iliniuma, sisemi uongo.

Ndipo mke wangu akatoa chake. Alikifunga jikoni kwa ule uzi wangu, na unyoya laini wa kuku jike aliopewa na jirani. Kumbe unaomba tu, unapewa! Kikapumua vizuri kuliko hata cha mwanyumba. Huko mtoni mwanyumba akakatikiwa na mshipi. Mke wangu akatoa trauti aliyezidi sahani. Baba mkwe akamkabidhi ufito bila hotuba, machozi yakimlengalenga. Mimi? Nilibeba mkoba na wavu. Na samaki.

Jumapili, 10 Mei

Nimelala, nimeamka, hasira zimeisha. Ukiangalia vizuri, nimeshinda! Ufito umo nyumbani kwangu, mwanyumba kaambulia patupu. Mke wangu keshafunga vyambo vingine vya Jumamosi ijayo, kavipanga dirishani, kisha kaenda kuwasalimu wazazi wake. Nimevikagua kwa makini. Mkono anao, sikatai. Ila jamani, vimekonda! Mtu unakwendaje kumwita samaki kwa vitu vyenye njaa namna hii? Mume ni wa nini kama hasaidii? Vingi nimekwisha kuvinenepesha, na rangi ya kucha imeshakauka. Vilivyobaki navimaliza kabla hajarudi. Atafurahi huyo!