Nusu Sahani za Hoteli ya Matumbawe

Jedida Kambi Nzai,
Kakuyuni,
kupitia Posta ya Malindi.
12 Novemba, 1984

Ndugu Mhariri,

Kama wewe na wenzako wa ofisini mmeamka salama, nashukuru. Kama mmeamka mmeshiba, nashukuru zaidi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Kakuyuni. Nilisomeshwa na wamisheni kule Kaloleni mpaka kidato cha pili, na kwa kazi mimi ni mshauri wa afya. Neno "ni" nimeliandika kwa makusudi, kwa sababu wako wanaosema nilikuwa. Wiki tatu zilizopita nilifukuzwa katika Hoteli ya Matumbawe, iliyo ufuoni Malindi, na nimechukua kalamu kulalamika kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wakubwa wanaolisoma gazeti lako watanitazama kwa jicho la haki. Malalamiko nimeyatia nambari yasije yakapotea njiani.

1. Lalamiko la kwanza ni kwamba nilicheleweshwa kujua kipawa changu. Kabla ya hoteli nilifanya kazi miaka minane katika kliniki ya watoto, na kazi yangu ilikuwa mizani. Mama humvisha mwanawe kile kikaptura cha kitambaa, mimi humning'iniza, husoma kilo, kisha hutia nukta kwenye kadi. Nukta ikipanda mama hucheka. Masika ya mwaka huu yalipotukataa, nukta zikaanza kushuka, na kina mama wakawa wananiuliza wafanye nini. Nikawashauri kama nilivyofundishwa: maziwa kila siku, yai, samaki, uji mzito uliotiwa karanga. Siku moja mama mmoja kwa jina Khamisa alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akamfunga mtoto mgongoni, kisha akasema taratibu, "Dada Jedida, hivyo vyote ulivyovitaja vinapatikana hapa kliniki, au ni vya kusikiliza tu?"

Nikamjibu kwamba ni vya kusikiliza. Akanishukuru, akaenda zake. Nalalamika, Ndugu Mhariri, kwamba kwa miaka minane hakuna mkubwa hata mmoja aliyeniambia kuwa kumshauri mtu ale kitu asichokuwa nacho ni kazi yenye jina, koti jeupe na chumba kinachotazama bahari.

2. Hayo nilikuja kuambiwa mwezi wa Julai na Bwana Aboud Muhidin, meneja wa hoteli hiyo, mtu wa Malindi mwenye lugha laini na viatu vinavyong'aa. Alifika kliniki akitafuta mtu anayejua mizani na anayeweza kusema Kiingereza bila kuona haya. Hoteli yake ilikuwa imeanzisha Wiki za Afya kwa wageni wa Ulaya. Watu hao, alinieleza, husafiri kwa ndege usiku kucha ili waje kupunguza unene.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Asubuhi nawapima, nawapa maji ya ndimu na kipande cha papai, nawashauri watembee ufuoni. Mchana wanaletewa sahani iliyojaa, na hapo ndipo nilipoonyesha ustadi wangu, kwa kuwa ni mimi niliyebuni Nusu Sahani. Niliwashauri wale nusu tu, na hiyo nusu nyingine waiache mezani ili wauone ushindi wao kwa macho. Wageni waliipenda sana. Mtaliani mmoja, Mama Karla, alipopungua kilo mbili alinikumbatia akalia machozi ya furaha, nami nikampigia makofi. Nalalamika kwamba hakuna aliyeuandaa mkono wangu kwa jambo hilo. Miaka minane ulikuwa ukisita kuitia nukta inayoshuka; sasa uliambiwa ushangilie, na ukashangilia, kwa sababu mkono nao hula mwisho wa mwezi.

3. Lalamiko la tatu ni la wizi wa elimu. Mwisho wa wiki ya kwanza nilirudi nyumbani nikamweleza kazi yangu bibi yangu, ambaye sisi kwa Kigiriama twamwita Hawe Kadii. Akaniuliza kama watu hao ni wagonjwa. Nikasema si wagonjwa. Akauliza kama kwao hakuna chakula. Nikasema kipo cha kumwaga. Akauliza kama ni kweli wanalipa ili wapewe njaa. Nikasema wanalipa, na huweka nafasi miezi mitatu kabla. Hawe Kadii alikuwa akichambua mtsunga, zile mboga chungu za porini tunazozichemsha bila chumvi tangu Juni. Akatupa kando jani lililooza, kisha akasema, "Waambie waje huku. Njaa ya huko bado changa. Yetu imekomaa."

Nilicheka, lakini nilipolala nalo neno lile niliona bibi yangu ana haki. Kila tulichokuwa tukifanya hotelini kilikuwa cha kwetu. Supu ya majani tuliyowapa jioni ni ya kwetu. Kutembea kabla ya kula ni kwa kwetu. Wanawake wa Kakuyuni hutembea mpaka Mto Sabaki na kurudi, tena na debe la maji kichwani, jambo ambalo mgeni wa Wiki ya Afya asingeliweza hata siku ya mwisho. Kupitisha siku kwa maji matupu ni ujuzi ambao majirani zangu wameufikisha mbali kuliko daktari yeyote. Hoteli ilichukua yote haya bila kutuomba ruhusa, ikayaandika kwenye karatasi yenye picha ya ua.

4. Sasa naja kwenye kufukuzwa kwangu.

Ile nusu iliyobaki kwenye sahani nilikuwa sijajiuliza inakwenda wapi. Mshauri hafuati sahani. Lakini mwezi wa Oktoba nilipita nyuma ya jiko nikaona shimo. Ndani yake mlikuwa na samaki wa kupaka aliyeliwa upande mmoja, viazi, mikate, mapaja ya kuku yaliyong'atwa mara moja. Kila jioni vilifukiwa kwa mchanga na chokaa ili harufu isiwafikie wageni.

Wiki hiyohiyo, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nimempima kule kliniki binti wa kaka yangu, aitwaye Nyevu. Ana miaka miwili. Nukta yake ilikuwa imeshuka mara tatu mfululizo, na alikuwa ameacha kulia. Mtu aliyefanya kazi kliniki huogopa mtoto aliyeacha kulia kuliko anayelia.

Nikamwendea mpishi mkuu, Mzee Bwanamkuu, mwenyeji wa Lamu, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba. Alichukua ndoo yenye kifuniko akaisafisha kwa maji ya moto, akaiweka karibu na mlango, kisha akageuka kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Tangu siku hiyo, kila jioni nilikuta ndoo imejaa zile nusu zisizoguswa, zimepangwa vizuri, samaki mbali na mkate mbali. Siku kumi na moja nilizibeba hadi Kakuyuni. Walikula watu wa nyumba nne. Nyevu siku ya tano alilia kwa kunyang'anywa mfupa, na mama yake akakaa chini akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Siku ya kumi nilimpima. Nukta ilikuwa imepanda.

Siku ya kumi na mbili mlinzi alinisimamisha getini, ndoo ikafunguliwa mbele ya meneja. Bwana Aboud si mtu mbaya, na nataka uliandike hilo kama ninavyoliandika. Hakunipigia kelele. Nilimweleza kwamba kile kilikuwa nusu sahani tu, ile nusu niliyoishauri mwenyewe, nayo ilikuwa ikienda shimoni. Akakitazama kile chakula, akakohoa, akasema, "Bi Jedida, ile ni taka. Na taka ni mali ya hoteli."

Wakati huo Mama Karla alikuwa akirudi kutoka ufuoni. Alichungulia ndoo akauliza ni ya nani. Bwana Aboud alimwambia kwamba ni ya mbwa wa mshauri. Mama Karla akafurahi sana, akasema anawapenda mno mbwa, akaniuliza nina wangapi. Nilimwambia kumi na tisa. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa zile nyumba nne.

Barua ya kunifukuza ilisema nimeonyesha mwenendo unaoweza kuvuruga utulivu wa wageni. Nami nakubali. Mgeni aliyelipa ili ajinyime hawezi kujinyima vizuri akijua kuna mtu anayekitaka kile anachojinyima. Lalamiko langu ni dogo: mbona nilionekana mwizi nilipoibeba ile nusu kwa ndoo, na sikuonekana mwizi nilipowaondolea wageni hamu yake kwa maneno yangu mwenyewe?

5. Kwa kuwa nimefukuzwa, naomba serikali iipandishe cheo Kakuyuni. Itangazwe kuwa kituo cha afya cha kimataifa, na kila mtu mzima apewe cheti cha ushauri wa afya bila mtihani, maana mtihani tumeufanya mwaka mzima. Wageni waletwe kwetu. Tutawalaza kwenye nyumba za makuti, tutawaamsha alfajiri tuwapeleke Sabaki na madebe, mchana tutawaonyesha kivuli, jioni tutawasimulia vyakula tulivyovila zamani. Matokeo tunayadhamini. Jirani yetu mmoja mshipi wake sasa humzunguka mara mbili, na hakushauriwa na mtu yeyote. Hawe Kadii atakuwa mshauri mkuu. Ana miaka inayokaribia themanini na hana mafuta mwilini hata ya kupaka mlango ulie polepole.

6. Na ili kazi hiyo isiharibike, naomba kwa unyenyekevu kwamba yale mahindi ya msaada tunayoahidiwa tangu Agosti yasiletwe. Nasikia ni ya manjano na yametoka ng'ambo. Yarudi yalikotoka. Mtaalamu wa njaa huchukua mwaka mzima kuiva, na kilo chache za mahindi zaweza kumharibu kwa siku mbili. Atanenepa, ataanza kucheka ovyo, na mgeni atadai arudishiwe fedha zake. Kama lori limeharibika njiani, kama tunavyoelezwa kila wiki, basi lisitengenezwe. Mvua nayo, kama kuna ofisi inayoishughulikia, iambiwe isubiri tumalize msimu wa wageni.

Naomba pia Nyevu asisahauliwe. Tangu ndoo ikamatwe, nukta yake imerudi chini, tena chini ya pale ilipokuwa. Jana hakulia. Nashauri aandikishwe kuwa mshauri wa afya mdogo kuliko wote nchini, maana kwa umri wake hakuna aliyejinyima kama yeye, na hajawahi hata mara moja kuomba sifa.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Nisalimie wote walio ofisini, wapiga chapa, na anayefagia, maana yeye ndiye ajuaye kinachobaki. Nisalimie wasomaji wa Malindi, Kilifi na Kaloleni. Bwana Aboud Muhidin akilisoma gazeti hili, namsalimu kwa heshima, yeye na mkewe na wanawe. Mzee Bwanamkuu simsalimu, kwa sababu sijui lolote kumhusu na wala sijapata kumwona.

Ni mimi, niliye tayari kushauri popote,
Jedida Kambi Nzai,
Mshauri wa Afya, kwa sasa bila hoteli.

Nyongeza: Ndugu Mhariri, bahasha ilikuwa bado wazi watu walipopita mbio wakisema lori limefika kwa Chifu. Niliacha kalamu juu ya karatasi. Nilimkuta Hawe Kadii ameshafika, sijui kwa miguu ya nani. Mahindi ni ya manjano kweli, na mtu mmoja alisema kwao hulishwa ng'ombe, lakini hakutoka kwenye mstari. Kwa hiyo sehemu ya tano na ya sita tafadhali zifute. Ukiona na nyingine zimechakaa, zifute pia, mradi ile ya nne uiache.

Zamu yangu ilipofika karani aliniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza watu wa nyumbani ni wangapi, nikamwambia. Akaniuliza nafanya kazi gani, kalamu yake ikangoja. Nilifungua kinywa niseme mshauri wa afya, nikiwa na Nyevu begani, mwepesi kama kanga iliyokauka. Nikamwambia aandike "mwenye njaa".

Akaandika, kisha akapima mahindi.