Barua Mbili, Saini Moja

Jumatatu, 9 Juni
Vyuo viwili, mimi mmoja. Chuo cha hapa Nakuru kimenikubali kusomea udaktari wa elimu: masomo Jumamosi, karo juu yangu, jibu kabla ya Ijumaa saa kumi. Cha Nairobi bado kimya, lakini kina ufadhili wa mwalimu mmoja kutoka Bonde la Ufa. Mwalimu huyo ni mimi.

Wanjugu, mke wangu, alisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilimwambia sina nyoka wa kuua.

Haraka ina sababu. Naibu mwalimu mkuu anastaafu, na bodi itafungua faili zetu tarehe 23. Aliyeanza udaktari atakuwa mbele.

Kiprugut wa kemia, ambaye pia anautaka unaibu, aliniuliza chuo kipi ni bora. Nilimsifia cha Nakuru nusu saa nzima. Alinishukuru, akasema ameshaomba cha Nairobi.

Jumanne, 10 Juni
Nairobi wanataka barua ya mapendekezo. Madam Khaemba, mwalimu mkuu, ana utaratibu wake: jiandikie, yeye atie saini. Akaongeza kwamba kwa vile mkono wangu ni mwepesi, niandike na ya Kiprugut. Nilikubali upesi mno. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Yangu: "Bwana Muturi ni kichwa ambacho shule hii haijawahi kupata. Majibu ya utafiti wake tayari anayo."

Ya Kiprugut: "Haelewi jambo mpaka aulize mara tatu. Akikosea hukiri, tena mbele ya wanafunzi." Uongo haumo. Nimeyashuhudia miaka kumi na moja.

Madam alitia saini zote mbili huku akigombana kwenye simu na mtu wa maharagwe. Nakala zikaingia kwenye faili zetu.

Ijumaa, 13 Juni
Saa nane nimewaandikia chuo cha Nakuru: asante, nimepata pakubwa zaidi. Sijapata bado. Lakini niliisoma tena barua yangu nikajikuta najiheshimu.

Mzee Kiptum wa langoni ananiita Daktari tangu asubuhi. Nilimwomba.

Wanjugu aliuliza kama nimewajibu Nakuru. Nikasema ndiyo. Hakuuliza nimejibu nini. Amechinja kuku. Sikuona sababu ya kumkatiza.

Alhamisi, 19 Juni
Nairobi wamejibu. Wanasema mtu mwenye majibu tayari hana haja ya miaka minne ya utafiti. Wananitakia heri.

Ufadhili amepata Kiprugut. Alinifuata shuleni, akanisomea barua yake kutoka kwenye simu yake: kamati haijaona pendekezo la kweli namna ile, na mtu wa kuuliza mara tatu ndiye waliyekuwa wakimtafuta. Kisha akaniuliza kama namjua aliyeliandika. Nikakana. Akauliza tena. Nikakana. Mara ya tatu nikakubali. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, wewe Muturi, na vile watu husema una roho mbaya.

Jioni alileta nyumbani gunia la viazi kutoka kwao Olenguruone, akamweleza Wanjugu kila kitu. Wanjugu alimsikiliza hadi mwisho, akampa chai, akamsindikiza. Aliporudi alinipa kisu na karai, akasema Daktari aanze kumenya.

Ijumaa, 20 Juni
Niliwapigia chuo cha Nakuru. Waungwana: nafasi bado ipo, mradi nilete barua ya mapendekezo leo. Wanjugu aliniambia nimwombe Madam aiandike mwenyewe. Ya nini, na siri nimeshaijua?

Nimeandika: "Bwana Muturi haelewi jambo mpaka aulize mara tisa, na hata hapo huondoka na shaka. Hukosea kila siku, mbele ya wanafunzi, wazazi na wageni." Kiprugut abaki na mara zake tatu.

Madam ametia saini bila kusoma. Nakala nimeiweka kwenye faili yangu mwenyewe, juu kabisa, bodi isipate taabu ya kuitafuta Jumatatu.

Mzee Kiptum nimemruhusu aendelee na Daktari. Kuanzia Jumanne anaweza kuongeza Naibu.