Ombi la Kuahirisha Noeli kwa Ajili ya Meno Yangu

Kolwezi, mwezi wa Desemba

Kwa Yaya Angèle,
dada yangu mkubwa na Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu za Familia

Mheshimiwa Yaya,

Kwa heshima zote anazostahili mtu aliyenibeba mgongoni, nakuandikia mimi mdogo wako Kankolongo, karani mstaafu wa reli, kukuletea malalamiko ya meno yangu. Ningekuja mwenyewe kusema, kwani nyumba zetu zinatenganishwa na barabara moja tu, lakini nimekatazwa kufungua mdomo penye upepo.

Daktari Valérie wa meno amenichunguza. Anasema meno yenyewe ni mazima, ila ufizi umeshuka na mizizi imebaki wazi, ndiyo maana baridi, sukari na vitu vichachu vinayashtua. Amenipa mswaki laini na dawa yake, na amri ya kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Akasema nikifuata hayo nitasherehekea vizuri kama watu wengine. Maneno hayo ya mwisho naona aliyasema kwa haraka, tuyaache.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Friji yako. Mwaka mzima umeme unakuja kwako kama mgeni, lakini Desemba ikifika unakaa mpaka bia zinakuwa mawe. Bonane iliyopita, tulipoukaribisha mwaka mpya, ulinipa glasi yenye barafu mbele ya watu, nami nikanywa kwa adabu. Machozi yaliponitoka, ulizima muziki ukawatangazia wageni kwamba namlilia marehemu mdogo wetu Banza, na watu wote wakasimama kusali. Yaya, Banza nilimpenda sana, lakini siku ile nilikuwa nalilia jino. Naomba friji izimwe tangu sasa hadi sikukuu zote ziishe.

2. Chupa. Vifungulio vya chupa vipo, nimeviona kwenye droo yako. Hata hivyo, kila sikukuu watu wananipangia foleni na chupa zao kwa sababu eti meno ya Kankolongo ni chuma. Sikatai, sifa nilikuwa nazipokea. Sasa chuma kimechoka. Naomba nistaafishwe kwa mara ya pili, na safari hii nisomewe hotuba, maana reli hawakunisomea.

3. Maembe mabichi. Msimu wake umeangukia Noeli, na hilo halikupangwa na mtu mwenye akili. Wajukuu wanakaa mbele yangu, wanakata embe bichi, wanatia chumvi na pilipili. Mimi sili, naangalia tu, na kule kuangalia peke yake kunanitia ganzi mpaka sikioni. Naomba wakayale nyuma ya nyumba.

4. Baruti. Mgodi ukilipua mchana, mabati yanatetemeka mara moja, lakini jino langu linaendelea mpaka wakati wa chai. Kwa cheo chako, uwaandikie wenye mashimo yote, kuanzia hapa hadi mgodi wa Mashamba, waache mawe yapumzike. Shaba imelala chini tangu dunia iumbwe, haiwezi kushindwa kungoja Bonane ipite.

5. Firigisi. Hapa ndipo penye uzito. Unajua desturi ya familia yetu: watu wakija kuomba binti, wanatanguliza kuku, na firigisi la kuku huyo ni la mwanamume aliyemlea binti. Akilitafuna na kulimeza, amekubali, na hakuna kurudi nyuma, hata kama amelila bila kujua. Baba yetu alinaswa hivyo kwa kuku wa mume wako, na ndoa yako ikasimama.

Sasa siku ya Noeli wanakuja watu wa Sandoa kumwomba Abigaëlle kwa ajili ya kijana wao Gael, fundi wa kuchomelea vyuma. Abigaëlle ni damu ya Banza, lakini tangu baba yake afe nimemkuza mimi. Kuku wao ameshafika kwa lori, ana uzi mweupe mguuni, na amefungwa nyuma ya jiko langu ananitazama. Nitatafunaje kipande kigumu kuliko vyote katika kuku kwa meno haya? Mdogo wetu Philippe amejitolea kulitafuna kwa niaba yangu. Philippe ana meno mazuri na hafikiri. Kwa firigisi angeniozesha hata mimi.

Sina ubaya na Gael. Anasalimu kwa mikono miwili na kazi yake anaijua. Lakini Sandoa ni mbali, wakati wa mvua barabara inameza malori, na Abigaëlle ndiye peke yake anayejua chai yangu iwe ya moto kiasi gani. Anaimimina kikombe hadi kikombe, anaionja, ndipo ananipa. Mke wangu Huguette ana mapenzi mengi, ila chai yake inaunguza. Kwa hiyo uone kwamba hili ni suala la tiba tu, halina jambo lingine.

Naomba basi rasmi: Noeli ya familia yetu iahirishwe mpaka meno yangu yatakapokubali. Kanisa liendelee na yake, sitaki ugomvi na paroko. Kuku wa Sandoa alishwe vizuri, aachwe azeeke kwa amani. Najua kuku akizeeka firigisi linazidi kuwa gumu, na hilo tutalijadili wakati wake.

Nikingoja jibu lako kwa mdomo uliofungwa, nakuaga kwa unyenyekevu. Nisalimie shemeji, watoto, wajukuu pamoja na maembe yao, mama wote wa kwaya, majirani wa pande zote, na hata Philippe.

Mdogo wako mtiifu,
Kankolongo

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha Abigaëlle alipoleta chakula: bukari, sombe, na kibakuli cha mchuzi wa nyama. Nilikula huku nikisoma tena hoja ya tano, nikajiona nimeandika vizuri sana. Nyama ilikuwa imekatwa vipande vidogo na kupikwa mpaka ikalainika. Nilipokuwa nafuta kibakuli kwa tonge la mwisho, aliniuliza polepole, "Tata, jino iko inauma?" Nikasema hapana, na kweli halikuuma hata kidogo. Ndipo alipoweka mezani uzi mweupe.

Firigisi nimelimeza, Yaya, na desturi unaijua. Sitauliza ni nani aliyemfundisha. Kati ya nyumba zetu kuna barabara moja tu. Waambie watu wa Sandoa waje, na friji uiache iwake. Baadaye alinimiminia chai, kikombe hadi kikombe, akaionja, akanipa. Ilikuwa sawasawa, nami machozi yakanitoka. Ukiwatangazia watu kwamba nilikuwa namlilia Banza, safari hii sitakataa.