Mukarusanga na Upindo wa Kitambaa cha Kinanda

Njooni, enyi wa Kavimvira mbadilishao faranga mpakani, enyi wa Bwegera mfukuzao ndege mpungani, nanyi wa Bijombo mlioshuka na fimbo zenu! Ketini, zimeni simu, mnipe masikio. Nitanena habari ya upindo wa kitambaa, jinsi ulivyoinuliwa shubiri moja juu ya kinanda, ukashikwa hapo dakika nne na nusu. Wee unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, maana mbele hutapata nafasi.

Ilikuwa zama hizi hizi zetu. Toussaint wa Kavimvira, bwana wa faranga siku za kazi na bwana wa vipaza sauti siku ya Jumamosi, aliutangazia mji Jioni ya Sinte-Pop: vinanda vya umeme, nyimbo za kujitungia, waimbaji wasio na bosi wala mfadhili. Miongoni mwao alikuwamo Uwituze, binti wa miaka ishirini na miwili, aliyeutunga wimbo mmoja kwa miaka miwili ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Wimbo alikuwa nao, na sauti alikuwa nayo. Kinanda ndicho hakuwa nacho.

Na kinanda cha kuaminika katika mtaa wote wa Mulongwe kilikuwa kimoja tu, cha korali, kwaya ya kanisa la watu wa milimani. Mlinzi wake alikuwa Mukarusanga, prezida wa korali, mfumaji wa vitambaa asiyeshindwa, shangazi aliyemlea Uwituze tangu jino la kwanza. Naye alikuwa na kinyongo, kwa kuwa tangu Pasaka binti huyo aliuacha mstari wa alto, sauti ya pili ya wanawake, akaenda kujitafutia muziki wake.

Kinanda kile kilivikwa kitambaa cheupe, kazi ya mikono ya Mukarusanga, maua hamsini na mawili na upindo wa shanga, na katika korali ile kitambaa hakiondolewi ila baada ya maombi. Kwani walisema hivi: piano iliyofunikwa ni ya Mungu, iliyo wazi ni ya yeyote. Komite ikakaa, ikajadili, ikanywa chai, ikajadili tena. Ndipo Mukarusanga akasimama akanena:

“Bandugu, munisikilize muzuri! Mutoto ni wetu, hatuwezi kumunyima. Piano itaenda. Lakini kitambaa haitatoka juu yake, hata kidogo! Na minye mwenyewe nitakaa mbele kabisa, nichunge.”

Uwituze naye akajibu, na ulimi hauna mfupa: “Shangazi, nakubali. Nitapiga chini ya kitambaa. Na bantu bakinicheka, Jumapili, siku ya Mungu, nitarudia mu mustari ya alto, sitaimba tena inje ya kanisa mupaka nizeeke. Naapa!”

Lo! Kiapo hicho Mukarusanga alikipokea kwa mikono miwili. Alichohitaji sasa ni kicheko tu.

Ikafika Jumamosi, jua likaingia nyuma ya milima, na ukumbi ukajaa mpaka viti vya plastiki vikaisha. Laurette wa Bwegera aliimba na kompyuta yake, akashangiliwa. Libérat aliimba na simu mbili, akashangiliwa zaidi. Kisha kinanda cha Uwituze kikaingia kimebebwa na mashujaa wanne, kimevaa nguo yake nyeupe, na wengi wakadhani ni meza ya harusi na keki inafuata.

Uwituze akaingiza mikono chini ya kitambaa hadi kwenye viwiko, kama mtu atafutaye yai chini ya kuku. Sauti ya kwanza ikatoka safi. Ubeti wa kwanza ulihusu taa za Bujumbura zionekanazo ng'ambo ya ziwa, na watu wakaacha kuzungumza. Ukafika wakati wa ngoma. Akatuma kidole gizani kutafuta kitufe chake, kidole kikapotea njia, kikaangukia kile kiitwacho demo, ambacho ukikigusa kinanda hujipigia chenyewe bila haya.

Salaala! Zikalipuka filimbi, kengele na tarumbeta, muziki wa harusi ya watu tusiowajua! Akabonyeza huku, ukaongezeka. Akabonyeza kule, ukaja na vigelegele. Kicheko kikaanzia nyuma, kikashuka mstari kwa mstari kama jeshi lililonusa ushindi.

“Toa hiyo tambara!” mmoja akapaza sauti.

Uwituze hakuitoa. Ahadi ni deni. Machozi yalimtoka, mikono ikazidi kupapasa vitufe chini ya maua hamsini na mawili, na kitambaa kikabaki palepale.

Sasa mtazameni Mukarusanga katika kiti cha mbele. Vita amevishinda, na silaha yake ni kukaa kimya. Sitawadanganya, kwanza alifurahi. Kisha akaona kwamba mtoto angeweza kukivuta kitambaa kile wakati wowote, wala havuti, na furaha ikamchachia mdomoni.

Akasimama. Akakaza kitenge. Akapiga hatua saba, na Toussaint akamkabili na kipaza sauti: “Mama, programu ingali—”

“Toussaint, weye funga kinywa! Hii piano ninaijua kuliko weye unavyojua faranga.”

Akaingiza mkono, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, siri aliyojifunza siku demo ilipolipuka katikati ya maombi ya mchungaji. Harusi ikafa. Kisha akawageukia watu elfu moja, au tuseme mia na themanini:

“Munacheka nini? Huyu ni mutoto wangu! Ameapa, na kiapo yake ameishika mbele yenu bote. Kitambaa iko juu ya piano, haijatoka. Minye naishikilia tu, aone njia.” Akaushika upindo kwa mikono miwili, akauinua. “Piga, mwana wangu. Anzia mwanzo.”

Uwituze akapiga, na safari hii ngoma ikaja ilipoitwa. Dakika ya pili mikono ya shangazi ikachoka. Dakika ya tatu shanga zikaanza kulia. Hakushusha! Na kwenye kiitikio, watu wa mbele wakasikia sauti ya alto ikitoka kwa yule aliyeshika kitambaa, ndogo, imara, kwenye wimbo asiowahi kufundishwa.

Makofi yalitikisa mabati. Lakini Uwituze alimgeukia shangazi, uso umelowa.

“Shangazi, balicheka. Kesho nitarudia mu alto, vile niliapa.”

Mukarusanga akaushusha upindo, akaunyoosha kwa kiganja mpaka kila ua likakaa mahali pake.

“Wamecheka demo,” akanena prezida wa korali, mbele ya mashahidi mia na themanini. “Weye hawajakucheka bado.”

Yaandikwe hayo, yasomwe mbele ya wajukuu. Na iandikwe pia kwamba Jumatatu shujaa huyo hakuweza kuinua mwiko, na ugali ulisongwa na Uwituze.