Wiki Niliyomtafutia Colby Chuo

Jumatatu, 8 Aprili

Upepo mkali. Chai mbili, mkate mmoja. Leo nimechukua rasmi jukumu la kumpeleka Colby chuoni.

Colby ni mtoto wa dada yangu Nadine. Yuko mwaka wa mwisho sekondari na ndiye mdakaji wa timu ya besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila kinachorushwa. Mdakaji bora kaunti nzima! Na hakuna chuo hata kimoja kilichobisha hodi. Wasaka vipaji wote hukodolea macho mrushaji wetu, Brantley Haverkamp. Anarusha maili themanini na nane kwa saa. Tunajua, kwa sababu baba yake, Royce, ana kifaa cha kupimia kasi na hutangaza kila namba kama mnadi ng'ombe. Royce anauza matrekta. Anadhani na mtoto ni trekta.

Nimempiga Colby video ya saa mbili. Nimeituma vyuo arobaini na moja. Nadine akauliza kama nimemwambia Colby. Nikamjibu mshangao ni sehemu ya mpango.

Jumanne, 9 Aprili

Jibu limekuja! Moja. Chuo cha ususi na urembo, Tulsa. Wamevutiwa na mikono yake na wana nafasi Septemba. Orodha ya vyuo niliipata mtandaoni, sikuisoma yote.

Wamesema pia kwamba nusu ya video ni kidole gumba. Nimeitazama upya. Ni kweli. Kidole changu, lakini kimetokea vizuri.

Colby hakukasirika. Huyu mtoto hakasiriki, ndiyo shida yake. Alisema tu, "Mjomba, asante, lakini haya mambo nayashughulikia." Miaka kumi na minane! Anashughulikia!

Jioni, mechi. Tukashinda. Muhimu zaidi: kwenye jukwaa la watazamaji kulikuwa na mgeni. Kofia, daftari, kalamu sikioni. Haongei na mtu. Anainama, anachungulia, anaandika. Msaka vipaji mtupu! Royce hakumwona, alikuwa bado ananadi.

Nikamsogelea na kuku wa kukaanga, mapaja manne, na kipande cha pai ya njugu za pekani cha Nadine ambacho Nadine alikuwa anakitafuta. Nikamweleza habari za Colby tangu kuzaliwa. Mgeni alikula vyote. Akasema ameona mengi leo na ripoti yake itafika shuleni baada ya siku mbili.

Leo nitalala kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 11 Aprili

Ripoti imefika. Mgeni ni mkaguzi wa bima. Alikuwa anaandika nyufa za jukwaa. Jukwaa limefungwa mpaka mwakani.

Kocha wetu, Ostrander, ametangaza kwamba kesho kila mtu aje na kiti chake. Royce akanisubiri mlangoni mwa duka la kituo cha mafuta, mbele ya watu. "Bwana Verlin! Yule jamaa ulimpa kuku mzima au mapaja tu? Ungempa na shingo, labda angetuachia hata ngazi!" Watu wakacheka. Mwenye duka alicheka mpaka akakosea chenji. Nikamwambia Royce kwamba mtoto wake anatembea kama bata. Halikuwa jibu zuri. Nilipata jibu zuri nilipofika nyumbani, lakini Royce hakuwepo.

Nadine amenikalisha mezani. Amesema, "Kaka, ukitaka kumsaidia mwanangu, nenda uwanjani, keti, nyamaza." Nikasema sawa.

Kuketi, sawa. Kunyamaza, sawa. Hakusema chochote kuhusu bango.

Ijumaa, 12 Aprili

Nitaandika polepole maana mkono unauma kwa kushona bango usiku kucha.

Bango lilikuwa na urefu wa mita tano. Shuka mbili za kitanda, rangi nyekundu: MDAKAJI BORA OKLAHOMA. MUULIZE MJOMBA. Na namba yangu ya simu. Nilifika mapema, nikaweka kiti changu nyuma ya wavu, karibu kabisa na Colby. Upande mmoja wa bango nikaufunga kwenye nguzo. Upande wa pili hapakuwa na nguzo. Palikuwa na mzee mnene, peke yake, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Nikamwomba ashike ncha. Akasema sawa, ila kwa mkono mmoja tu, maana wa pili ulikuwa na saa ya kubonyeza. Nikadhani ni ya kumkumbusha dawa za moyo. Nikamwonea huruma. Nikamwambia ajitahidi asisisimke.

Mzunguko wa tatu, upepo ukaja. Mzee aliachia. Simlaumu. Bango likakatika kwenye nguzo, likaruka juu ya wavu, juu ya mwamuzi, likamfunika Brantley gubigubi katikati ya uwanja. Akaanguka. Iliwachukua watu watatu kumtoa.

Royce alinitazama. Sitaandika alivyonitazama.

Basi mtoto wa watu akatoka mle ndani ametahayari, na mkono ukakataa kazi. Mpira kulia! Mpira kushoto! Mpira mavumbini! Nikawaza: Nimemharibia Brantley, nimeiharibia timu, na Colby ataumbuka kwa kukimbiza mipira.

Colby hakukimbiza hata mmoja. Aliizuia yote. Kwa goti, kwa kifua, mmoja kwa shingo. Wapinzani wawili wakajaribu kutimka kwenda kituo cha pili kabla mpira haujafika, na wote wawili Colby aliwarushia mpira uliowatangulia kama umetumwa na serikali, wakatolewa. Kila akirusha, mzee wangu anabonyeza saa. Nikajua mapigo ya moyo yamempanda.

Halafu Colby akasimamisha mchezo. Akatembea mpaka kwa Brantley, akamshika bega, akamnong'oneza kitu. Brantley akacheka kwa sauti! Akarudi kurusha, akarusha sawa. Tukashinda tano kwa nne.

Baada ya mechi mzee akamwendea Colby. Nikakimbia kumwokoa. Nikamkuta anajitambulisha: Kocha Lindqvist, wa chuo kimoja kidogo Kansas. Alikuwa amekuja kumwona Colby, na saa ile ilikuwa ya kupimia kasi ya mirusho yake. Colby mwenyewe alimwandikia Januari, barua ya ukurasa mmoja, na alama zake za darasani, na mwezi uliopita akampelekea tarehe za mechi. Januari! Mtoto hakuniambia!

Kocha akamuuliza nani alimfundisha kuzuia mipira ya ovyo namna ile.

Colby akanionyesha mimi. "Ni huyu mjomba wangu. Tangu nina miaka minane ananirushia mipira kila jioni uani kwetu. Kocha, sijawahi kuona hata mmoja ukija sawasawa."

Kocha akanipa mkono. Akasema, "Mzee, usibadilishe chochote." Akamwambia Colby nafasi ni yake, aje na mama yake wakaone chuo.

Nadine alilia kwenye maegesho. Mimi nilikuwa na vumbi machoni, upepo ule.

Royce alikuja. Nikajiandaa. Akasema Brantley amecheka mwaka huu mara ya kwanza akiwa uwanjani, na amemwomba baba yake aache kunadi namba. Akasema bango lilishonwa vizuri. Tukala mikate ya soseji ndani ya gari moja, yeye akanunua.

Jumapili, 14 Aprili

Jua. Nadine amepika. Colby amekula sahani tatu, na alipomaliza akachukua glavu akaniuliza kama mkono wangu umepona. Tukarusha mpaka dirisha la jirani.

Nimemweleza Nadine, kwa hesabu ndogo tu, kwamba bila bango Brantley asingevurugika, na bila Brantley kuvurugika kocha asingeona kitu. Kwa hiyo ni mimi. Nadine amenishikisha mkono na kuniapisha: Colby sasa aachwe. Nimeapa kwa moyo mweupe. Colby nimemmaliza.

Nilipokwenda kuomba radhi kwa ajili ya dirisha, jirani yetu, Bibi Tackett, akanitajia kwamba mjukuu wake anacheza bowling, ule mchezo wa kuvingirisha mpira uangushe vigingi, na kwamba kuna vyuo vinavyotafuta wachezaji wa bowling. Hakuomba msaada. Wenye haya ndio wa kusaidiwa kwanza.

Nimempigia simu jamaa wa mji wa Enid mwenye puto kubwa la kuruka na watu, linaloweza kubeba bango. Jumamosi hana kazi. Najua bowling huchezwa ndani. Lakini msaka vipaji lazima aegeshe gari mahali.